Moduli ya ngoma za umeme: mwongozo kamili wa kuifunga, kuirekebisha na kuiendesha

Malalamiko kuhusu ngoma za umeme ni yale yale kila mara. Ukipiga tomu (ngoma ya kati), toazi nalo linalia. Pigo moja la kiki, ngoma kubwa ya mguu, linatoka mawili. Hai-hati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, haifungi hata ukanyage vipi. Sneya, ile ngoma ya mbele yenye mlio mkali, inasikika safi kwenye hedfoni, lakini ikifika kwenye spika za ukumbi inamezwa na besi. Mwishowe seti inafunikwa kitambaa nyuma ya jukwaa na kila mtu anasema ni mbovu.

Mara nyingi si mbovu. Kilichokosewa ni mfuatano. Mtu amekimbilia kuchagua sauti nzuri kabla hajahakikisha kwamba kila pedi (kile kinachopigwa badala ya ngoma) inasoma pigo sawasawa, na pedi zisiposoma sawasawa hakuna sauti itakayoziokoa. Kwa hiyo fuata hatua hizi kama zilivyopangwa, kwa kuwa kila moja inasimama juu ya iliyotangulia.

Moduli ni kile kisanduku kinachogeuza mapigo ya pedi kuwa sauti. Maelezo haya yanafaa moduli nyingi za Roland, Alesis, Yamaha na jamaa zao. Majina ya vipengele nimeyaandika kama yanavyotokea kwenye skrini. Moduli yako ikitumia neno tofauti kidogo, kitabu chake kitakuonyesha.

## Andaa hivi vyote kwanza

- Moduli na adapta yake. Kama adapta haipo, usinunue nyingine kabla ya kusoma hatua ya 1.
- Fremu, pedi zote, pedali ya kiki na kiti.
- Ufunguo wa ngoma wenye tundu la mraba, pamoja na bisibisi.
- Nyaya za stereo zenye jeki ya milimita 6.35. Jeki ya stereo ina pete mbili nyeusi shingoni, ya mono ina moja.
- Zulia zito linalotosha fremu yote, kiti na pedali.
- Hedfoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na mpiga ngoma hawezi kucheza na sauti inayomfuata nyuma.
- Boksi mbili za DI (vijisanduku vinavyoiandaa sauti ya jeki isafiri mbali bila ngurumo) na nyaya mbili za XLR, kama za kipaza sauti, za kwenda kwenye mikseri.
- Stebilaiza, au UPS kama umeme wa eneo lenu unakatika ovyo.
- Tepu ya karatasi na kalamu ya wino mzito.
- Kitabu cha maelekezo cha moduli yako. Kampuni kubwa zinaviweka bure kwenye tovuti zao, hata vya moduli za zamani.

Tenga alasiri nzima. Kazi hii haifanywi asubuhi ya Jumapili huku kwaya ikisubiri.

## Hatua ya 1: Soma kibandiko cha adapta kabla ya kuichomeka

Hapa ndipo moduli nyingi zilizotumika hufia siku ya kwanza. Seti kutoka Japani huja na adapta ya volti 100, na za Marekani huja na ya volti 120. Soketi zetu zinatoa volti 230 hadi 240. Adapta ya Roland iliyoandikwa PSA-100 au PSA-120 ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua, na inaweza kuiharibu moduli pia.

Tafuta kwenye kibandiko neno INPUT. Likifuatiwa na 100-240V, adapta inakubali umeme wa kwetu na unachohitaji ni plagi tu. Likifuatiwa na 100V au 120V peke yake, tumia transfoma ya kushusha umeme au tafuta adapta nyingine.

Ukitafuta nyingine, linganisha mambo matatu upande wa OUTPUT:

Volti ziwe zile zile. Moduli nyingi za Roland zinatumia volti 9, na za Yamaha za familia ya DTX zinatumia volti 12.

Ampea zilingane au zizidi, zisipungue. Zikipungua moduli huwaka kisha ikajizima, au ikaanza kulia ovyo unapopiga kwa nguvu.

Upande wa chanya uwe ule ule. Angalia mchoro mdogo wa nukta na duara: Roland nyingi zina hasi katikati, Yamaha zina chanya katikati. Kwa hiyo adapta inaweza kuingia tunduni vizuri kabisa na bado ikawa na umeme uliogeuzwa.

Adapta za kuzungusha kitufe ili uchague volti sizipendekezi kwa kazi hii. Mtu mmoja akikigusa wakati wa kufagia jukwaa, moduli ya mamia ya dola imekwenda.

## Hatua ya 2: Simamisha fremu kwa kuizuia isitikisike

Ndani ya kila pedi kuna kisahani chembamba cha piezo. Kikitikiswa, kinatoa umeme mdogo, na moduli inausoma umeme huo kama pigo. Kisahani hakijui kama kimetikiswa na fimbo, na fremu, au na mtu anayepita jukwaani. Mtikisiko unaouzuia hapa ni tatizo ambalo hutalitafutia dawa kwenye skrini baadaye.

1. Tandika zulia, kisha weka fremu juu yake. Zulia linazuia kiki kuteleza na linapunguza mtikisiko unaopanda kutoka kwenye mbao za jukwaa.
2. Kaza vibano vyote vya fremu kwa mkono hadi vikatae. Usitumie koleo: vibano vya plastiki hupasuka.
3. Weka pedi. Pedi isiguse pedi nyingine, wala toazi lisiguse bomba la fremu hata likiyumba.
4. Kaa kitini ndipo urekebishe kimo. Sneya ije kidogo juu ya mapaja, tomu zikuelekee. Pedi iliyoinuliwa mno hupigwa ukingoni bila kukusudia.
5. Choma meno ya mnara wa kiki kwenye zulia, funga pedali, halafu hakikisha kinyundo kinagonga katikati.

Kama pedi zako ni za wavu, kaza skrubu kwa kuvuka: moja, kisha inayoitazama upande wa pili, robo mzunguko kila mara, mpaka wavu uwe sawa pande zote. Wavu uliolegea unaruhusu fimbo kugonga koni iliyo katikati, na hapo pigo la katikati linakuwa kali kuliko mengine yote. Watu wengi wanahangaika na skrini kwa tatizo hili, kumbe dawa ni ufunguo wa ngoma.

Ukifaulu: fimbo inaruka vizuri kwenye wavu, na ukishika fremu kwa mikono miwili ukaitikisa, inasogea yote kwa pamoja bila kipande kimoja kucheza peke yake.

## Hatua ya 3: Nyaya

Moduli iwe imezimwa.

Seti nyingi za bei ya kati, kama Alesis Nitro na Roland TD-17, hutumia waya mmoja mnene unaoingia kwenye moduli kwa kichwa kipana chenye pini 25, kisha unatawanyika kuwa nyaya ndogo zenye majina. Sukuma kichwa hicho kwa kukinyoosha, halafu kaza skrubu zake mbili za pembeni. Ukiziacha, kichwa kitaanza kulegea taratibu na pedi mbili tatu zitakuwa zinakufa na kufufuka bila sababu unayoiona.

Kama moduli yako ina matundu ya jeki kila moja na lake, tumia waya wa stereo kwenye pedi zote zenye sehemu mbili. Waya wa mono utapitisha pigo la katikati tu: ukingo wa sneya hautalia, na toazi halitanyamaza unapolikamata kwa mkono. Nimeona mafundi wakifungua pedi nzima kutafuta ubovu ambao uko kwenye waya wa gitaa uliochomekwa pale.

Andika jina la kila pedi kwenye tepu na uibandike ncha zote mbili za waya. Acha urefu kidogo pale waya unapoingia kwenye toazi, maana toazi linayumba na jeki iliyovutwa huvunjika ndani.

Pedi za kampuni tofauti hazichanganyiki kirahisi. Zipo zinazosoma ukingo kwa piezo ya pili, na zipo zinazosoma ukingo kwa swichi. Moduli iliyotengenezewa aina moja inaweza kusikia katikati ya pedi ya aina nyingine na kuwa kiziwi ukingoni. Kabla ya kununua pedi ya nyongeza, soma orodha ya pedi zinazokubaliwa kwenye kitabu cha moduli. Na sneya au raidi (toazi kubwa la kushikilia mdundo) za kidijitali za Roland, kama PD-140DS na CY-18DR, zinatumia waya wa USB na moduli maalumu. Kwenye moduli ya kawaida hazina kazi.

## Hatua ya 4: Washa kwa utaratibu

Punguza sauti yote. Washa moduli, kisha mikseri, mwisho spika au amplifaya. Ukianza na spika, mlipuko wa kuwashwa kwa moduli unapita moja kwa moja kwenye koni za spika.

Moduli inapowaka, usiguse pedi yoyote wala usikanyage pedali ya hai-hati. Sekunde hizo moduli inasoma vihisi vyake vikiwa vimetulia, na ukikanyaga unaweza kuanza siku na hai-hati iliyopinda.

Kwa moduli iliyotumika, irudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kipengele cha FACTORY RESET. Aliyekuwa nayo kabla yako alikuwa na pedi zake, mkono wake na matatizo yake, na mabadiliko yake yote yamebaki humo. Seti alizozitunga zitafutika, kwa hiyo zihifadhi kwanza kama unazitaka.

Jambo moja kwa wanaopiga kwenye mikesha: moduli nyingi hujizima zenyewe zisipopigwa kwa muda. Roland kwa kawaida zimewekewa muda wa saa 4. Mahubiri marefu pamoja na maombi yanaweza kuzifikia. Ingia kwenye mipangilio, tafuta AUTO OFF, uiweke OFF.

## Hatua ya 5: Iambie moduli ni pedi gani, kisha rekebisha usikivu

Kuanzia hapa vaa hedfoni na uache spika zimezimwa mpaka hatua ya 6.

Ingia kwenye ukurasa wa TRIGGER. Kwa kila tundu, chagua aina ya pedi iliyochomekwa kwenye kipengele cha PAD TYPE au TRIG TYPE. Chaguo hili moja linapanga vipengele vingine vyote kwa makadirio ya kiwandani, na pengine litamaliza nusu ya matatizo yako. Ukianza kugusa vipengele vingine kabla yake, mabadiliko yako yatafutika utakapochagua aina.

Sasa SENSITIVITY, yaani usikivu. Hiki ndicho kinachoamua pigo la nguvu kiasi gani lihesabiwe kuwa la juu kabisa. Moduli inapima pigo kwa namba kuanzia 1 hadi 127, na nyingi zinaonyesha mstari unaopanda kwenye skrini.

Mpiga ngoma mwenyewe akae kitini. Fundi mitambo asimfanyie. Apige sneya kwa nguvu zake za mwisho, zile za mwisho wa pambio watu wakiwa wamesimama. Mstari ufike juu kabisa hapo tu. Akipiga kwa nguvu ya kawaida ubaki katikati au kidogo juu yake, na akigusa kwa upole ubaki chini.

Mstari ukigonga juu kwa kila pigo, shusha usikivu. Usikivu uliopandishwa sana ndio unaofanya ngoma za umeme zisikike kama mashine: kila pigo linatoka na nguvu ile ile, na hakuna anayejua kwamba mpigaji ana mkono mzuri. Hili linaniuma kuliko kosa lingine lolote kwenye orodha hii. Kijana anafanya mazoezi miaka, anajua kunong'ona na anajua kupaza, halafu moduli inamtolea sauti moja.

Rudia kwa kila pedi. Kiki irekebishe kwa mguu, matoazi kwa shingo ya fimbo, kama yanavyopigwa kweli.

Kipengele cha CURVE, kinachopanga jinsi sauti inavyopanda kadiri unavyopiga kwa nguvu, kiache LINEAR. Kibadilishe tu kama baada ya wiki kadhaa za kupiga bado mapigo laini hayasikiki.

Ukifaulu: piga sneya kutoka mguso wa vidole hadi pigo kamili bila kusimama. Sauti ipande taratibu kama mkono unavyopanda, bila kuruka.

## Hatua ya 6: Weka kizingiti cha chini

THRESHOLD ni kizingiti. Pigo lililo chini yake halisikiki kabisa.

Kiweke sifuri kwanza. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: washa mitambo ya ukumbi, mwambie mpiga besi apige noti zake za chini kwa sauti ya ibada kamili, huku mpiga ngoma ametulia. Kama kuna pedi inajilia, pandisha kizingiti chake hatua moja moja mpaka inyamaze. Kisha tembea jukwaani, kanyaga karibu na fremu, uendelee kurekebisha.

Sababu ni hii: seti iliyorekebishwa chumbani kwa utulivu itaanza kujilia siku spika za besi zinapoitikisa sakafu. Mafundi wengi wakiona hivyo wanapandisha kizingiti cha pedi zote kwa hasira, na mapigo madogo ya sneya yanafutika.

Simama pale pedi inaponyamaza, usiongeze ya akiba. Halafu jaribu mguso wa ncha ya fimbo. Kama hausikiki tena, rudi kwenye hatua ya 2. Kuna mtikisiko unaopita kwenye fremu au sakafu, na skrini haitauondoa bila kukunyang'anya mapigo yako laini. Sogeza spika ya besi mbali na jukwaa la ngoma, au ongeza zulia la pili.

## Hatua ya 7: Pedi moja inapoliza nyingine

Piga tomu ya kwanza kwa nguvu. Toazi likilia, hayo ndiyo maingiliano, na kipengele chake ni XTALK CANCEL au CROSSTALK.

Kanuni moja inawachanganya wengi: rekebisha pedi inayolia bila kupigwa. Ukipiga tomu na toazi likalia, pandisha namba ya toazi. Tomu haina kosa.

Kabla ya kugusa namba, sogeza vibano. Pedi mbili zilizofungwa kwenye bomba moja zitaambukizana kuliko zilizo kwenye mabomba tofauti. Kuhamisha toazi bomba la pili mara nyingi kunatosha.

Ukilazimika kupandisha, panda kidogo kidogo, na kila mara piga pedi hizo mbili kwa pamoja. Ukizidisha, moduli itadhani pigo dogo ni mtikisiko na italimeza. Dalili yake ni kiki na kreshi (toazi la mlipuko) zinazopigwa pamoja mwanzo wa kiitikio, halafu kreshi haisikiki.

Ukifaulu: pigo kali kwenye pedi yoyote linaliza pedi hiyo peke yake, na mapigo mawili ya pamoja yanasikika yote mawili.

## Hatua ya 8: Pigo moja linalotoka mawili

Husumbua zaidi kwenye kiki. Sababu ya kwanza ni kinyundo kinachobaki kimegandamiza pedi na kutetemeka hapo. Punguza urefu wa shina la kinyundo au kaza springi kidogo, ujaribu tena.

Ikiendelea, ingia kwenye RETRIGGER CANCEL, uongeze kidogo. Kisha MASK TIME, ambayo ni muda wa moduli kuziba masikio baada ya pigo. Watu huiogopa, wakidhani itakula mapigo ya haraka. Fanya hesabu: kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, ukigawa kila pigo mara nne, kati ya kiki na kiki kuna milisekunde 75. MASK TIME ya milisekunde 20 kwenye kiki haiwezi kugusa hilo. Kwenye sneya iwe ndogo zaidi, kwa sababu mvumo wa fimbo mbili una mapigo yaliyokaribiana sana.

SCAN TIME, muda wa moduli kulipima pigo, usiiguse bila sababu. Kadiri inavyorefuka ndivyo sauti inavyochelewa kutoka.

## Hatua ya 9: Hai-hati

Hai-hati ni vihisi viwili: kimoja kwenye toazi, kingine kwenye pedali. Cha pedali kina tundu lake, kwa kawaida limeandikwa HH CTRL. Nyaya hizi mbili zikibadilishana mahali, hai-hati itabaki wazi daima, na hilo ndilo kosa la kwanza la kuangalia.

Kama una pedali ya plastiki isiyo na stendi, kazi ni ndogo: iweke juu ya zulia isiteleze, kanyaga kabisa, achia kabisa, utazame kama skrini inaonyesha safari yote kutoka wazi hadi kufungwa.

Kama toazi linakaa kwenye stendi halisi, inahitajika subira. Weka stendi isimame wima. Toazi likiwa limeachiwa lilalie kihisi kwa uzito wake mwenyewe, fungua ukurasa wa hai-hati na urekebishe kipengele cha OFFSET kwa namna kitabu chako kinavyoagiza, mpaka alama ya skrini ikae katikati. Halafu inua toazi milimita chache na ukaze klachi, kibano kinacholishika toazi kwenye stendi. Ukiliinua juu kama hai-hati ya shaba, kihisi hakitaona mwanzo wa safari, na sauti ya nusu wazi haitapatikana.

Ukifaulu: unapata sauti tano bila kugusa skrini: iliyofungwa, nusu, wazi, ya mguu peke yake, na ile ya kukanyaga na kuachia haraka.

## Hatua ya 10: Sasa chagua sauti, na uchague chache

Moduli itakuwa na seti 40, 50 au zaidi. Chagua mbili: moja ya nyimbo za taratibu, moja ya zile za kuchezeka. Zinakili kwenye nafasi ya mtumiaji ili za kiwandani zibaki salama.

Rekebisha katika seti hiyo:

Mwangwi. Seti za kiwandani zina mwangwi mwingi kwa sababu zimetengenezwa zipendeze kwenye hedfoni dukani. Ukumbi wenye kuta za tofali na paa la bati una mwangwi wake mkubwa. Ukiongeza wa moduli, kiki na sneya hugeuka ukungu. Shusha AMBIENCE na REVERB karibu na sifuri.

Kiki. Kwa sebene na mapambio ya haraka chagua kiki fupi. Ile ndefu inakanyaga gitaa la besi na muziki unakuwa mzito.

Ukingo wa sneya. Kwa rumba na nyimbo za kuabudu, upe ukingo sauti ya fimbo iliyolazwa. Kwenye moduli nyingi unachagua kati ya hiyo na mlipuko wa ukingo.

Uwiano. Hapa dumu. Moduli nyingi zinatoa kushoto na kulia tu, kwa hiyo fundi mitambo hawezi kushusha kreshi peke yake wala kupandisha kiki. Uwiano wote unatoka kwako. Moduli kubwa kama Roland TD-50 zina njia 8 za kutolea pedi mojamoja. Kama huna ya namna hiyo, anza na kiki na sneya, kisha leta matoazi mpaka yasikike, urudi nyuma hatua mbili. Matoazi yanayopendeza kwenye hedfoni yatakuwa makali mno ukumbini.

Hifadhi. Baadhi ya moduli huhifadhi zenyewe, nyingine zinasubiri ubonyeze SAVE. Umeme ukikatika kabla hujabonyeza, alasiri yako imepotea. Moduli yenye nafasi ya kadi au USB itolee nakala sasa hivi.

## Hatua ya 11: Kwenda kwenye mikseri

Toa waya kutoka L/MONO na R, upitishe kwenye boksi mbili za DI, kisha XLR hadi mikseri. Waya mrefu wa jeki bila DI huvuta ngurumo za umeme njiani. Kama una chaneli moja tu, chomeka L/MONO peke yake bila kitu kwenye R, na moduli itaunganisha pande zote mbili. Ukichukua R peke yake utapoteza sehemu ya ngoma zilizopangwa kushoto.

DI inayotumia umeme kwa kawaida inahitaji volti 48 za mikseri, isiyotumia haihitaji.

Weka sauti ya moduli karibu robo tatu. Piga kwa nguvu zote huku fundi akipandisha geini (kitufe cha mikseri cha kukuza sauti inayoingia) hadi kilele kisome kati ya -12 na -6 dB. Usifanye kinyume, yaani moduli chini na geini juu, kwa sababu utapandisha mvumo pamoja na ngoma.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomeka moduli na mikseri kwenye njia moja ya umeme, kisha bonyeza swichi ya GROUND LIFT kwenye DI. Usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ili kuondoa mvumo. Mguu huo ndio unaomkinga mtu anayegusa kipaza sauti na fremu ya chuma kwa wakati mmoja.

Amplifaya ya gitaa haifai: haina masafa ya chini ya kiki wala ya juu ya matoazi. Tumia spika za ukumbi, na umpe mpiga ngoma spika yake ya jukwaani au hedfoni. Pedi za wavu hazina sauti ya kutosha yenyewe, na asiyejisikia atapiga kwa nguvu mpaka avunje fimbo.

Kama mnatumia metronomu (mlio wa kuhesabu mwendo) ya moduli, hakikisha kwanza kama inaweza kwenda kwenye hedfoni tu. Kwenye moduli ndogo hutoka pia kwa waumini.

## Hatua ya 12: Kurekodi kwenye kompyuta

Kwa waya wa USB moduli hutuma namba za MIDI, lugha ya vyombo vya muziki na kompyuta, kila ngoma na namba yake. Programu ikicheza ngoma tofauti na uliyopiga, linganisha namba: kwa mpangilio wa kawaida kiki ni 36, sneya 38, hai-hati iliyofungwa 42, ya mguu 44, iliyo wazi 46, kreshi 49, raidi 51.

Sauti ikichelewa, kwenye Windows tumia dereva ya ASIO (programu ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti) na ushushe bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri, hadi sampuli 128. Kwa 44.1 kHz hiyo ni takriban milisekunde 2.9, na mkono hauihisi.

## Kuzima

Spika kwanza, kisha mikseri, mwisho moduli, na uzime kwa kitufe chake kabla ya kuchomoa ukutani. Funika seti kwa kitambaa kikavu. Mijini pwani, chomoa na kuchomeka jeki mara kwa mara. Hewa ya chumvi huweka kutu kwenye matundu yasiyoguswa.

## Pedi ikifa ghafla

Usibadilishe mipangilio. Chukua waya wa pedi iliyo hai uuchomeke kwenye pedi iliyokufa.

Ikilia, ubovu uko kwenye waya wa zamani au tundu lake la moduli. Peleka waya wa zamani kwenye pedi iliyo hai: ikinyamaza, badilisha waya. Kama pedi hiyo inanyamaza hata kwa waya mzima uliochomekwa kwenye tundu lile, tundu ndilo lenye shida na moduli iende kwa fundi.

Isipolia, ubovu uko ndani ya pedi. Fungua kwa bisibisi utazame kisahani cha piezo: mara nyingi uzi wake mwekundu au mweusi umekatika kwenye risasi, na fundi wa redio ataulehemu kwa dakika chache. Mwambie asikae na moto hapo, kwa sababu joto huua kisahani. Kikiwa kimepasuka, pima kipenyo chake na ununue cha ukubwa ule ule kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Vya milimita 27 na 35 ni vya kawaida. Kiweke na povu lile lile la asili, kisha rudia hatua ya 5 hadi ya 8 kwa pedi hiyo peke yake, maana kisahani kipya hakisomi sawasawa na kilichotoka.